Mtoto Akiugua, Tumpeleke Wapi?

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii, na leo nimekuja na swali ambalo akina mama huniuliza mara kwa mara, mara nyingi kwa sauti ya chini tukiwa tumebaki wawili: "Sista, nikiwa na shilingi mia tatu na mtoto ana homa, niende wapi?"

Ni swali zuri, na lina haki ya kujibiwa. Hapa kwetu Kenya milango ya matibabu ni mingi. Kuna zahanati ya serikali. Kuna hospitali ya misheni. Kuna kliniki ya kibinafsi pale karibu na steji. Kuna duka la dawa. Kuna mhudumu wa afya ya jamii kijijini. Kila mlango una bei yake, una uzuri wake na una hatari yake. Leo tutaizungukia yote mmoja mmoja. Mimi nafanya kazi katika mlango mmojawapo, lakini nitajitahidi kusema ukweli hata kuhusu mlango wetu.

Kwanza nitawasimulia yaliyompata mama mmoja. Jina lake sitalitaja, wala kijiji chake, lakini yeye mwenyewe ameniruhusu niseme ili wengine wajifunze.

Mama huyu huuza mboga sokoni. Ana mtoto msichana, wakati huo alikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi minane. Mtoto alianza kukohoa siku ya Alhamisi. Ijumaa mchana mwili ukawa moto. Mama alifunga kibanda mapema, akambeba mtoto mgongoni hadi kwenye zahanati yetu, akafika saa kumi na moja na nusu jioni. Alikuta mlango umefungwa. Sisi hufunga saa kumi na moja.

Basi akageuka, akaenda kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa mpole. Swali la kwanza aliloulizwa mama ni, "Una pesa ngapi?" Alikuwa na shilingi 250. Akapewa dawa ya maji ya kikohozi, na dawa ya kuua viini ya kutosha siku mbili tu, kwa sababu pesa ziliishia hapo. Mtoto hakushushwa mgongoni. Hakuna aliyemtazama kifua.

Jumapili mtoto alikuwa vilevile. Mama akakopa kwa jirani, akaenda kwenye kliniki moja ya kibinafsi ambayo hufunguliwa siku zote. Alihudumiwa haraka, na kwa heshima. Alilipa kadi shilingi 200, kipimo cha malaria 300, sindano 400, na dawa za malaria 350. Jumla shilingi 1,250. Baadaye nilipomwomba karatasi ya kipimo niliisoma mwenyewe: kipimo kilisema hakuna malaria. Dawa ya malaria alipewa hata hivyo, akailipia.

Jumanne asubuhi akaja kwetu kwa bodaboda, shilingi 100. Mtoto alikuwa amelegea, hanyonyi. Nilimvua nguo nikahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zilikuwa 62. Sehemu ya chini ya kifua ilikuwa inabonyea kila anapovuta hewa. Ile ilikuwa nimonia, homa ya mapafu, tena kali. Nilimpa dozi ya kwanza ya dawa nikaandika barua ya rufaa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Mama akakodi usafiri hadi hospitali ya kaunti kwa shilingi 400. Mtoto aliwekwa kwenye oksijeni siku tatu, na siku ya sita akaruhusiwa kurudi nyumbani. Yu hai, na sasa anakimbia.

Hebu tujumlishe. Duka la dawa 250. Kliniki 1,250. Bodaboda 100. Safari ya hospitali 400. Hizo ni shilingi 2,000 kabla mtoto hajafika kitandani. Hapo hatujahesabu siku sita bila kuuza, mboga zilizooza kibandani, wala deni la jirani. Na kama angefika siku mbili baadaye, labda leo nisingekuwa na mambo haya ya kusimulia.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alitoka nyumbani siku ya pili tu ya ugonjwa, na mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wetu. Ndiyo maana nasema, hili si suala la kuwalaumu akina mama. Ni suala la kujua kila mlango umepangwa vipi, ili ujue uende wapi, lini, na ukifika uulize nini.

Tuanze na gharama. Tunapouliza "ni pesa ngapi," kwa kawaida tunafikiria ile inayotolewa mlangoni. Lakini gharama ziko tatu. Ya kwanza ni ya mlangoni: kadi, kipimo, dawa. Ya pili ni ya njiani: nauli, chakula, na kibarua ulichokosa siku hiyo. Ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote, ni gharama ya matibabu yasiyofaa. Dawa isiyo ya ugonjwa huo ni ghali hata kama umeuziwa shilingi hamsini, kwa sababu utailipa tena kesho, na ugonjwa utakuwa umepata muda wa kukomaa. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Lakini na ghali pia inaweza kuuvunja. Zile shilingi 1,250 za kliniki zilikuwa nyingi kuliko zote alizolipa mahali pamoja, na hazikumsaidia mtoto.

Sasa, ubora tutaupimaje sisi ambao hatukusomea udaktari? Wengi hutazama jengo, marumaru sakafuni, koti jeupe, au kama mtoto amepigwa sindano. Hayo hayatoshi. Nakupa maswali matano ambayo mama yeyote anaweza kuyauliza, hata kimoyomoyo.

Swali la kwanza: mtoto wangu ameangaliwa? Mtoto mwenye kikohozi lazima nguo ipandishwe na pumzi zihesabiwe kwa dakika moja kamili, akiwa ametulia. Apimwe uzito na joto. Uulizwe ameugua siku ngapi, anakula, ananyonya, ametapika, ameharisha.

Swali la pili: kipimo kimefanywa, na majibu yakafuatwa? Homa si lazima iwe malaria. Malaria hupimwa kwa tone la damu kidoleni kabla ya dawa kutolewa. Kipimo kikisema hakuna malaria, mtoa huduma atafute chanzo kingine cha homa, asikuuzie dawa ya malaria kwa kukufurahisha.

Swali la tatu: nimepewa dozi kamili na maelezo? Unapoondoka, uwe unaweza kusema mwenyewe: dawa hii ni ya nini, ninampa kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi, na dalili zipi zitanirudisha haraka.

Swali la nne: anayetutibu amesajiliwa? Cheti cha usajili na leseni ya mwaka huo vinapaswa kubandikwa mahali unapoviona. Kuuliza si utovu wa adabu.

Swali la tano: wanajua kikomo chao? Mtoa huduma mzuri husema mapema, "Hili limenizidi, nenda hospitali," na hukuandikia barua. Anayemshikilia mtoto siku tatu akibadilisha sindano anakugharimu zaidi ya pesa.

Tukishika maswali hayo matano, sasa tutembelee milango yenyewe.

Mlango wa kwanza uko karibu kuliko yote, nao ni mhudumu wa afya ya jamii, yule jirani yako aliyepewa mafunzo. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu hawa wapatao 100,000 kote nchini mikoba ya vifaa. Hakutozi pesa. Anaweza kuhesabu pumzi, kukuonyesha jinsi ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaani ORS, kutambua dalili za hatari, na kukuelekeza uende wapi. Uzuri wake ni kwamba yuko kijijini hata Ijumaa jioni. Udhaifu wake ni kwamba hawezi kutibu kila kitu, na wakati mwingine dawa humwishia. Lakini mama wetu yule angemgongea mlango siku ile, pumzi zingehesabiwa siku ya pili ya ugonjwa badala ya siku ya sita. Swali langu kwako: wewe unajua mhudumu wa kijiji chako anaitwa nani? Kama hujui, uliza leo.

Mlango wa pili ni zahanati na kituo cha afya cha serikali. Hapa wafanyakazi hulipwa mshahara na umma, na bei ya mlangoni imebadilika mara nyingi. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1989 tulipoletewa mpango wa kuchangia gharama. Mwaka wa 2004 ada ikapunguzwa kuwa shilingi 10 kwa zahanati na shilingi 20 kwa kituo cha afya, na watoto walio chini ya miaka mitano wasilipe. Mwaka wa 2013 ada hizo zikaondolewa, na kujifungua katika vituo vya serikali kukawa bila malipo. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tunayoiita SHA, imechukua nafasi ya NHIF. Nitairudia baadaye.

Kuna watu husema kitu cha bure hakina thamani, na kwamba watu wakilipa kidogo ndipo watakitunza. Jambo hili limewahi kupimwa hapa hapa Kenya. Mwaka wa 2007 watafiti wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilinganisha kliniki za wajawazito katika magharibi ya nchi. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine zikaviuza kwa bei ndogo tofauti tofauti. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, akina mama waliochukua chandarua walipungua kwa takriban 60 katika kila 100. Na wale waliopewa bure hawakuvitumia kwa uchache kuliko walionunua. Shilingi arobaini tu ziliwafungia nje akina mama wengi kiasi hicho. Kwa hivyo ada ndogo si ndogo kwa kila mtu.

Lakini sasa niseme ukweli wa mlango wetu. Bure haimaanishi kwamba hakuna gharama. Dawa zikikosekana, unaandikiwa karatasi ukanunue nje. Foleni ni ndefu, na foleni ni kibarua ulichokosa. Vituo vingi vidogo hufungwa jioni na siku za mwisho wa wiki. Utafiti wa Benki ya Dunia uliotolewa mwaka wa 2013 ulikuta kwamba katika vituo vilivyotembelewa nchini, karibu wafanyakazi 3 katika kila 10 hawakuwapo kazini siku hiyo. Na kuna jambo jingine ambalo akina mama hunieleza machozi yakiwatoka, yaani lugha yetu. Mama aliyefokewa leo mbele ya watu hatarudi kesho hata kama dawa ni bure. Hilo ni kosa letu, na gharama yake huilipa mtoto.

Uzuri wa mlango huu ni upi? Hakuna mtu hapa anayepata faida akikuuzia dawa nyingi. Mshahara ni uleule, uandikiwe dawa moja au tano. Kuna miongozo ya kutibu watoto, kuna chanjo zote za ratiba bila malipo, na kuna njia ya rufaa. Chanjo ya kukinga aina moja ya viini vya nimonia imo katika ratiba yetu tangu mwaka wa 2011, hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Hiyo ni huduma ya thamani kubwa, na wewe hulipi kitu.

Mlango wa tatu ni hospitali na zahanati za misheni na mashirika ya dini. Hizi hutoza ada, kwa sababu mishahara na dawa nyingi huzilipia zenyewe, lakini hazikuanzishwa kwa ajili ya faida. Tangu mwaka wa 1986 makanisa yana shirika lao la kununua dawa kwa pamoja, linaloitwa MEDS, na ndiyo sababu mara nyingi huko utakuta dawa hata wakati sisi tumeishiwa. Nyingi hufunguliwa usiku na mchana. Udhaifu ni bei, hasa kwa anayelazwa, na umbali. Kabla hujaenda, uliza mambo mawili: je, wanapokea kadi ya SHA, na je, wana utaratibu wa kusaidia asiyeweza kulipa? Baadhi wanao. Usingoje hadi siku ya kuruhusiwa ndipo useme huna pesa. Sema mapema.

Mlango wa nne ni kliniki ya kibinafsi. Nataka niwe mwangalifu hapa. Wako watoa huduma wa kibinafsi wazuri sana, na baadhi yao ni watu niliosoma nao chuoni. Wako karibu, wanafungua jioni, wanakuita mama kwa heshima. Lakini elewa jinsi mlango huu ulivyopangwa. Mwenye kliniki analipa kodi ya nyumba na mshahara kutokana na kile anachouza. Usipotoka na dawa, yeye hakupata kitu. Tena sisi akina mama wenyewe humsukuma: tukipewa ushauri mtupu tunasema hatukutibiwa, tunataka sindano. Basi anatupa sindano. Hivyo kishawishi cha kliniki ya kibinafsi ni kufanya mengi kupita inavyohitajika, na kishawishi cha mshahara wa serikali ni kufanya machache kuliko inavyohitajika. Ukijua hilo, utajua uulize nini. Kwenye kliniki ya kibinafsi uliza, "Daktari, kipimo kimesemaje? Dawa hii ni ya lazima?" Kwetu uliza, "Sista, mbona hujamhesabu pumzi?" Na uliza bei kabla ya kila huduma. Udai risiti na karatasi ya kipimo, maana karatasi ile ndiyo iliyonionyesha mimi kilichotokea Jumapili ile.

Mlango wa tano ni duka la dawa. Hapa gharama ya mlangoni huonekana ndogo kuliko zote, kwa sababu unaweza kununua kwa kadiri ya pesa ulizo nazo. Hapo ndipo hatari ilipo. Dawa ya kuua viini ya siku mbili haiponyi nimonia. Inatuliza kidogo, unadhani mtoto anapata nafuu, huku viini vilivyobaki vinaizoea ile dawa. Duka la dawa ni mahali pa kununua ulichoandikiwa, au ORS na dawa ya kushusha homa unapojiandaa kwenda kituoni. Nunua katika duka lenye leseni ya Bodi ya Dawa na Sumu, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama pesa hazitoshi dozi kamili, rudi ukamwambie aliyekuandikia. Huenda kuna dawa nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

Mlango wa mwisho ni hospitali kubwa, ya kaunti ndogo au ya kaunti. Wako akina mama huona bora waende huko moja kwa moja hata kwa mafua. Nawaelewa, lakini hapo utalipa nauli, utapanga foleni na wagonjwa mahututi, na matibabu ya mafua yatakuwa yaleyale ambayo ungepata kwa miguu. Hospitali kubwa ina kazi yake: oksijeni, damu, upasuaji. Kwa mambo hayo hakuna mlango mwingine wa kuulinganisha nao.

Basi tuunganishe. Kuna hali ambazo hupaswi kulinganisha bei kabisa. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au haamki, au ambaye kifua kinabonyea anapopumua: huyo nenda naye upesi kwenye kituo cha afya au hospitali iliyo karibu nawe iliyo wazi, iwe ya serikali, ya misheni au ya kibinafsi. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mlinzi akikuuliza pesa langoni, kumbuka kifungu hicho, ukisema kwa utulivu lakini usiondoke.

Mtoto mwenye kikohozi ambaye hana dalili hizo, hesabu pumzi zake nyumbani. Tumia saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia, tazama tumbo na kifua vikipanda, hesabu dakika nzima. Mtoto wa miezi miwili hadi mwaka mmoja, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, pumzi 40 au zaidi ni nyingi mno. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi, na huyo akiwa na homa au kukataa kunyonya usihesabu chochote, nenda naye hospitalini. Ukikuta pumzi ni nyingi, usipitie duka la dawa. Nenda kituoni siku hiyo hiyo. Nimonia ikipatikana mapema hutibiwa kwa vidonge vinavyoyeyuka kwenye maji au maziwa ya mama, kwa siku tano, nyumbani. Dawa hiyo ni ya bei nafuu. Kinachokuwa ghali ni kuchelewa.

Sasa niirudie SHA, kwa sababu maswali ni mengi. Mambo ni mawili, tusiyachanganye. La kwanza ni kujiandikisha. Kujiandikisha hakulipiwi. Piga *147# kwenye simu yako, au mwombe mhudumu wa afya ya jamii akusaidie, na uwaandikishe watoto wako kama wanaokutegemea. Ukishajiandikisha, huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hulipiwa na hazina ya serikali, hata kama hujatoa mchango wowote. La pili ni mchango wenyewe, ambao ndio unaokulipia ukilazwa hospitalini. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Sisi wa biashara ndogo na mashamba hukadiriwa kulingana na hali ya nyumbani, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, ambacho kwa mwaka ni shilingi 3,600. Kwa mama mboga hizo si pesa za kutoa siku moja. Lakini chama kinaweza kusaidia. Kikundi cha akina mama kumi wakiweka kando shilingi kumi kumi kwa siku, kila mama atakuwa na shilingi 3,650 mwaka ukiisha. Anzeni kabla mtoto hajaugua, maana ugonjwa haungoji zamu yako ya chama.

Jambo la mwisho ni hili. Zahanati ya serikali ina kamati, na katika kamati hiyo wananchi wamo. Baada ya yaliyompata mama yule, sisi tulikaa na kamati yetu. Hatukuwa na pesa za kuajiri muuguzi wa usiku, wala hatuna mpaka leo. Lakini tulibandika karatasi kubwa mlangoni, kwa Kiswahili. Imeandikwa kituo cha afya kinachofunguliwa usiku kiko wapi, nauli ni kiasi gani, na majina ya wahudumu wa afya ya jamii kijiji kwa kijiji pamoja na nambari zao. Gharama ilikuwa karatasi na gundi. Mama yule mwenyewe ndiye aliyetuambia tuiweke chini kidogo, mahali ambapo mtu aliyebeba mtoto anaweza kuisoma kwa taa ya simu. Kama zahanati yako imefungwa jioni na mlango hausemi kitu, hilo unaweza kuliomba kwenye baraza lijalo.

Ukimaliza kusikia haya, mwambie jirani ambaye hana redio.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Gharama ni tatu: ya mlangoni, ya njiani, na ya matibabu yasiyofaa.
2. Maswali matano ya ubora: Ameangaliwa? Kipimo kimefuatwa? Dozi ni kamili na nimeelezwa? Anayetibu amesajiliwa? Wanajua kikomo chao?
3. Hesabu pumzi dakika nzima. Mchanga chini ya miezi 2: 60. Miezi 2 hadi mwaka 1: 50. Mwaka 1 hadi miaka 5: 40. Zikifika hapo au kuzidi, nenda kituoni siku hiyo hiyo.
4. Hanyonyi, anatapika kila kitu, degedege, amelegea, kifua kinabonyea: nenda upesi, usilinganishe bei.
5. Usinunue nusu dozi.
6. Tunza karatasi ya kipimo, risiti na kijitabu cha kliniki. Nenda navyo kila mahali.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mtoto alipougua mara ya mwisho nyumbani kwako, ulipita milango mingapi? Ukijumlisha gharama zote tatu, ulitumia kiasi gani?
2. Kijijini kwetu, mtoto akiugua Ijumaa jioni, mlango gani uko wazi, na tunafikaje?
3. Ni jambo gani moja linalotufanya tuikwepe zahanati yetu? Nani ataliwasilisha kwa kamati?